Chupa Isiyojua Ladha Yake

Usiku wa jana niliota nimevaa suti ya rangi ya bamia, nimesimama kwenye mlango wa ukumbi wa parokia hapa Ifakara, na kazi yangu ilikuwa kuingiza shampeni kwenye harusi ya binamu yangu Leokadia. Suti hiyo siimiliki. Ila ilinikaa vizuri kuliko zile ninazoazima.

Kwa asiyezijua harusi zetu, nieleze. Shampeni haiingizwi ukumbini kama kreti la soda. Inachezwa. Muziki unafunguliwa, mlango unafunguliwa, na mtu mmoja anaingia akiserebuka na chupa juu ya kichwa. Anaitikisa kwa kadiri Mungu alivyomjalia mabega. Akifika mbele ya maharusi, MC anahesabu, kizibo kinaruka mpaka darini, povu linamwagikia zulia na mashangazi waliowahi viti vya mbele, na ukumbi unashangilia. Hapo ndipo chakula kinaruhusiwa. Kinachobaki ndani ya chupa hakina umuhimu sana. Maharusi wanaonjeshwa, wanakunja uso, wanapigwa picha.

Katika ukoo wetu mtikisaji ni mimi, Fokasi. Nina cheti cha kidato cha nne na nina mabega. Mpaka sasa ni mabega tu yaliyowahi kuniitia kazi.

Basi muziki unaanza. Ninaingia. Ninatikisa. Vigelegele vinapigwa. Nimefika usawa wa meza ya pili, chupa inasema, kwa sauti ya bibi aliyezoea kusikilizwa, "Kijana, niweke chini. Nataka kutapika."

Sikushtuka. Katika ndoto hiyo nilijua kwamba chupa zinaongea, kama unavyojua kwamba Jumatatu inafuata Jumapili. Kilichonisumbua ni kwamba alikuwa mkubwa kwangu na nilikuwa sijamwamkia.

"Shikamoo," nikasema, huku miguu ikiendelea kucheza ili kamati isigundue kitu.

"Marahaba. Acha na miguu."

Nikaacha na miguu.

Nikamtazama vizuri. Hakuwa ile chupa yetu ya kila harusi, yenye karatasi ya dhahabu na picha ya zabibu zilizonenepa. Huyu alikuwa mweusi, mzito, ana vumbi mabegani, na kifuani amebandikwa karatasi ya rangi ya chai yenye mwaka 1990 na maneno ya Kifaransa ambayo siwezi kuyasoma hata nikiwa macho. Nikamwuliza amefikaje Ifakara. Akasema alipanda treni akapitiliza, kwa sababu chupa ya aina yake inatakiwa kusafiri ikiwa imelala, na aliyelala hasomi vituo.

Akanieleza mambo yake harakaharaka. Alisema shampeni nyingi ni mchanganyiko wa miaka: kidogo ya mwaka huu, kidogo ya mwaka juzi, ili ladha isiwashangaze wateja. Lakini ukitokea mwaka ambao mvua na jua vimekaa bila kugombana, wenye mashamba wanakubaliana mwaka huo uingie chupani peke yake, bila kusaidiwa. Yeye ndiye huo mwaka. Tisini mtupu. Waliomwonja mara ya mwisho walimwonja akiwa divai mbichi, hana kiputo hata kimoja. Wakamfunga. Tangu hapo yuko gizani anabadilika, na hajui anabadilika kuwa nini.

"Hakuna anayeweza kujionja," akasema. "Nataka mtu mmoja anionje taratibu, aniambie nina ladha ya nini, kabla sijaisha. Ukinitikisa nitaishia kwenye zulia."

Nikamwambia hilo zulia lenyewe ni la kukodi. Akasema hilo halimfariji.

Ningeweza kumwambia ukweli kwamba ulimi wangu haujasoma. Kinywaji changu mimi ni soda ya tangawizi, na hata hiyo ukiniuliza ladha yake nitakwambia ni ya baridi. Lakini bibi wa watu amekuja na treni. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yuko mikononi mwa mtaalamu.

Hapo MC Kishindo akawa amefika. MC Kishindo ni mtu mwembamba mwenye sauti ya mtu mnene, na katika ndoto hiyo kipaza sauti kilikuwa kimeota mkononi mwake kama kidole cha ziada, kwa hiyo hata alipotaka kuninong'oneza, ukumbi mzima ulinong'onezwa. Aliuliza kwa nini nimeacha kucheza. Nikasema chupa haijisikii vizuri. Akautangazia ukumbi. Ukumbi ukasema pole, kwa pamoja, kisha ukageuka kutazama yanakotoka masufuria.

Mjomba Gaudensi, mwenyekiti wa kamati, akasimama na kusema kwamba mgonjwa apewe nafasi ya kupumzika, ila asijisahau, maana ubwabwa ulikuwa umeshaiva na watu wengine walikuwa hawajala tangu jana kwa makusudi. Ikaletwa ndoo ya barafu. Bibi akaomba apoe, asigande. Alisema aliyeganda hana la kusema.

Ninamtumbukiza. Mkono wangu unamfuata. Bega linafuata mkono. Mara niko ndani ya ndoo mwili mzima, na humo ndani kuna ngazi inayoshuka.

Chini kulikuwa na pango la chaki, kuta nyeupe pande zote. Lilikuwa vilevile bweni letu la sekondari, hilo nililitambua kwa harufu ya soksi. Vitanda vilikuwa vilevile vya juu na chini, ila vimelaliwa na chupa, shingo chini na kitako juu, kimya. Matroni alikuwa anapita katikati na taa, anamgeuza kila mmoja kidogo, kidogo sana, kama mgonjwa anayeogopewa vidonda vya mgongo.

Nikamwuliza Matroni anafanya nini. Akasema hamira ikishamaliza kazi yake chupani inakufa na kuwa machicha, na hao wanayalalia machicha hayo miaka na miaka, ndiyo malezi yenyewe. Kisha anawageuza hivyo mpaka machicha yote yashuke shingoni yatolewe. Nikasema sisi tulikatazwa kulala na vyakula bwenini. Akanimulika usoni na taa.

"Ndiyo maana mkatoka bila ladha," akasema.

Bibi akanionyesha kitanda chake cha zamani. Kilikuwa hakina godoro. Alisimama pale akikitazama, kama mtu anavyotazama darasa alilofelia, na nilitaka kumwuliza alikuwa anaota nini miaka yote hiyo. Matroni akagonga kengele. Nikajikuta ukumbini tena, Bibi yuko kwapani kwangu, amepoa, na mikono yangu inachuruzika maji.

Wageni walikuwa wameanza kugonga sahani kwa vijiko. Waligonga kwa adabu, lakini waligonga.

Bibi akanielekeza. Kwanza nilegeze waya wa kizibo, taratibu, kidole gumba kisibanduke juu. Kisha nishike kizibo kisisogee, nizungushe chupa. Kizibo kisiruke. Kitoke kama mtu anayeketi baada ya kushinda amesimama.

Ninazungusha. Ukumbi unaanza kuhesabu bila kuambiwa. Kizibo kinatoka, kinasema, "Haa."

Hiyo ndiyo sauti yote. Kizibo kikakaa kiganjani mwangu, kikavuta pumzi, kikaniambia kilikuwa kimeibana tangu kilipoajiriwa. Nikakipa pole. Nikakiweka mfukoni kipumzike.

Hakuna aliyesikia kitu. Na hilo ndilo lilikuwa tatizo, maana pasipo mlio hakuna kula. Leokadia, katika shela lake, alinitazama kwa lile jicho analonitazama nalo tangu tukiwa wadogo. Shangazi mmoja akasema ndoa iliyofunguliwa bila mlio itazaa watoto wasioongea. Shangazi wa pili, ambaye wanawe hawanyamazi, akasema basi na ndoa yake ifunguliwe upya. Mjomba Gaudensi akasema ratiba ya kamati inataka kishindo na kishindo kitapatikana, hata kama itabidi nirudishe kizibo nianze tena.

Nikaweka kiganja juu ya mdomo wa Bibi. Alikuwa anatetemeka kidogo kwa ndani.

MC Kishindo ndiye aliyetuokoa, kwa sababu ni mtu wa kazi. Akainua kile kidole chake cha kipaza sauti, akakisogeza mdomoni, akasema, "Paa."

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Dari ikajitia yenyewe alama ya kizibo. Mashangazi wakajifuta povu ambalo halikuwepo, wakilalamika kwamba nimewaharibia vitenge. Ndani ya muda mfupi kila mtu alikuwa kwenye foleni ya chakula, na bwana harusi alikuwa wa kwanza, jambo ambalo kwa mila si sahihi, lakini hakuna aliyekuwa na nguvu za kumkemea.

Tukabaki mimi na Bibi nyuma ya mapambo, kwenye kona ya keki. Keki ilijifanya haisikii.

Bibi aliikataa bilauri ya plastiki, kwa heshima lakini aliikataa. Nikampata glasi moja ya kweli, ile iliyowekwa kwa ajili ya padri. Nikainamisha glasi, nikammimina pembeni kama alivyotaka. Rangi yake ilikuwa ya samli iliyoyeyuka. Povu lilipanda kidogo, likakumbuka umri wake, likashuka. Kisha vikaja viputo, na hivyo niseme ukweli sikuwahi kuviona vya namna hiyo kwenye soda. Vilikuwa vidogo kama ncha ya sindano, vinatoka sehemu moja tu chini ya glasi na kupanda kwa mstari mmoja, kimoja nyuma ya kingine, havisukumani, kama masista wanaokwenda kukomunika.

"Usinywe," Bibi akasema. "Pua itangulie."

Pua yangu ikatangulia. Iliondoka usoni, ikaingia kwenye glasi, ikakaa humo muda ambao nilianza kuona aibu, maana kusimama na mtu mzima huku huna pua si adabu. Iliporudi ilikuwa imelowa.

"Kuna jiko humo ndani," ikasema. "Limeshazimwa." Ikarudi mahali pake, na haikutaka maswali zaidi.

Ninakunywa funda la kwanza.

Sipo.

Nieleze hapa. Bibi alikuwa mwaka tisini mtupu, haujachanganywa na kitu. Kwa hiyo ukimweka mdomoni, uko mwaka tisini. Na mwaka tisini mimi nilikuwa sijazaliwa. Mama yangu mwenyewe alikuwa bado anaruka kamba. Glasi ilibaki inaelea hewani peke yake, na nasikia MC Kishindo alitangaza kwamba mwenye suti ya bamia afike mbele, ameacha glasi ikiwa wazi. Nilipolimeza lile funda, sijui nililimeza kwa koo gani, nikarudi. Suti ilikuwa imepoa kidogo.

"Nina ladha ya nini?" Bibi akauliza.

Ningejuaje. Wakati wa kuonja hapakuwa na mtu. Lakini alikuwa ananitazama kwa karatasi yake yote ya kifuani, amesubiri swali hilo lijibiwe tangu mama anaruka kamba. Nikafanya nilichofanya kwenye mtihani wa kemia. Nikajaza.

"Mkate wa kuchoma," nikasema. Niliwahi kumsikia mtu kwenye televisheni akiisemea hivyo divai, na alikuwa amevaa tai.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mkate wa Kuchoma, kipande kimoja, amevaa koti, na mkononi ana kadi ya mwaliko. Kadi ilikuwa ya dabo. Nyuma yake akaja mkewe, Siagi, akiomba radhi kila hatua kwa kuyeyukia sakafu. MC akatangaza utaratibu: kitakachotajwa kwamba kimo ndani ya glasi ni mgeni rasmi, na mgeni rasmi hanyimwi kinywaji. Nikawamiminia wote wawili. Bibi akashuka mpaka mabegani.

Mkate akanywa, akafikiri, akapangusa makombo yake mwenyewe kifuani.

"Samahani sana," akasema. "Sijajiona humu."

Siagi alikuwa na mawazo kama ya mumewe. Wakaniaga vizuri, wakaenda kwenye foleni ya chakula.

Bibi akanishauri nijaribu tena bila haraka. Ninakunywa. Sipo. Nimerudi. Ananiuliza, na mimi nasema, "Tufaha," kwa sauti ya mtu ambaye ana uhakika, kwa sababu nilikumbuka kwamba huko kwao yanaota.

Tufaha lilikuja na kadi ya singo. Lilikuwa na kile kikaratasi cha supamaketi kifuani, kama mshiriki wa semina. Likanywa, likazungusha mdomoni, likatema pembeni, likasema linawajua watu wa ukoo wake wote na humu hayumo hata mmoja. Likanipa mkono. Mkono ulikuwa baridi na umeng'arishwa kwa nta.

Bibi akawa amefika kiunoni.

Mara ya tatu niliamua kutumia akili. Nilikumbuka kuta za lile pango, nikajipongeza, na niliporudi kutoka kutokuwepo nikasema, "Chaki."

Chaki aliingia akikohoa, ametokea moja kwa moja darasani, na kabla sijamkaribisha kiti alijivunja katikati na vipande vyote viwili vikadai kinywaji. Ndiyo tabia ya chaki, wote mnaijua. Nikavimiminia. Vikanywa kimyakimya. Kipande cha kwanza kikaniuliza kama nimeelewa au nimenakili tu. Cha pili kikamgeukia Bibi, na hicho kilikuwa na upole.

"Sisi tulikuwa ukuta wako," kikasema. "Tulikuhifadhi. Hatukuingia ndani."

Vikatoka, vikiacha unga kwenye zulia. Nikamwinua Bibi kwenye mwanga. Lilikuwa limebaki funda moja, na kama tone hivi la ziada.

"Basi huenda sina ladha," Bibi akasema. Alisema kama anavyosema mtu kwamba mvua haitanyesha leo. "Huenda nimebadilika mpaka nikapita, nikawa si kitu. Inatokea. Kuna wenzangu imewatokea."

Nikatafuta utani mfukoni. Nikakuta kizibo tu, kimelala.

Nikamwambia, "Bibi, nilikuwa nabahatisha. Kila nikikunywa, mimi sipo."

Hakukasirika. Aliniuliza tu ni kwa nini nikimeza nakimbilia kuongea, nani ananifukuza. Akasema ladha ya chupa changa inaishia kooni, lakini mzee kama yeye ukishammeza anabaki. Anakaa mdomoni muda mrefu kuliko alivyokuwa kwenye glasi. Na wakati huo anapobaki, mimi nimesharudi.

"Meza," akasema. "Halafu nyamaza. Hicho unaweza?"

Nikasema nitajaribu. Kwa kweli ni kitu ambacho walimu wangu wote walikiomba na hakuna aliyekipata.

Ninamimina funda la mwisho. Viputo vimepungua, lakini mstari bado upo. Ninakunywa, sipo, ninameza, nimerudi. Ninafumba macho na kufunga mdomo.

Mwanzoni hakuna kitu. Kisha ni ubaridi, na huo nilijizuia kuusema. Kisha ikaja ndimu, lakini ndimu ilipita tu kama mtu aliyekosea nyumba. Nilisikia watu wanamaliza kula, Mjomba Gaudensi anashukuru kamati yake, viti vinakunjwa. Sikusema kitu. Nilisikia muziki unazimwa na nyaya zinaviringishwa. Bado sikusema kitu. Na hapo ndipo kutoka mbali, nyuma ya meno, ikaja ladha yenyewe, polepole, kavu, ya moto uliokwisha, yenye utamu ambao hakuna aliyeuweka. Niliijua. Niliijua tangu nilipokuwa natambaa.

Nikafumbua macho. Ukumbi ulikuwa haupo. Ulikuwa umepakiwa kwenye gari pamoja na viti. Tulikuwa nyuma ya pale ulipokuwa ukumbi, mahali wapishi walipopikia, na masufuria makubwa yalikuwa yameachwa wazi juu ya mafiga yaliyopoa.

"Ukoko," nikasema.

Mara nikajikunyata, nikitazama barabarani, kwa sababu kilichotajwa lazima kije kudai chake, na chupani lilikuwa limebaki tone. Tukasubiri. Hakuja mtu. Nikakumbuka kwamba ukoko hauna kadi. Hauendi kwa mtu. Unakaa palepale chini ya sufuria, na anayeutaka anainama.

"Ukoko ni nini?" Bibi akauliza.

Nikambeba mpaka kwenye sufuria kubwa kuliko zote, ile iliyopikiwa ubwabwa wa harusi, nikamwinamisha ili aone ndani. Ulikuwepo, umeshika chini kote, wa kahawia katikati na wa dhahabu kuelekea pembeni.

"Huu ni wali?"

"Ulikuwa wali kama wenzake. Wenzake wakapakuliwa. Huu ukabaki chini na moto."

"Umeungua."

"Hapana, Bibi. Ungeungua, usingelika. Umekaa tu pale chini mpaka ukawa hivi."

Akautazama muda mrefu. Nilimhisi mikononi, alikuwa mwepesi sana sasa. Akauliza swali lake kwa sauti ndogo, na nikajua hilo ndilo swali lenyewe, yale mengine yote yalikuwa ya kupasha moto.

"Huwa mnautupa?"

Kabla sijajibu, nikasukumwa bega. Alikuwa Leokadia. Amevaa shela lake kamili, mkia wa gauni ameuzungusha kiunoni kama kanga ya kazini, na mkononi ana kijiko cha chuma. Bwana harusi nadhani alikuwa amemwacha kwenye picha.

"Sogea," akaniambia. Akachuchumaa, akaingiza kichwa chote kwenye sufuria, akaanza kukwangua.

"Leokadia, acha kidogo. Namwonyesha mgeni."

"Mgeni aje na kijiko chake," akasema kutoka ndani ya sufuria. "Wewe ulikuwa unauficha. Nakujua, Fokasi, tangu zamani wewe unavunga kama huutaki halafu tunakuta sufuria nyeupe."

Nikamgeukia Bibi.

"Hatuutupi," nikasema. "Tunagombania."

Bibi akamtazama yule mwanamke aliyeolewa siku hiyohiyo, ambaye shela lake lilikuwa limeshaingia masizi, ambaye kulikuwa na keki ya ngazi nyingi na kuku mzima kwa ajili yake, na alikuwa amevikimbia vyote aje hapa chini. Kijiko kiligonga chuma. Kipande kikubwa kikabanduka, Leokadia akakitia mdomoni, kikalia kati ya meno yake, akafumba macho.

"Kumbe," Bibi akasema.

Sikuongeza neno. Nilikuwa nimejifunza.

"Kumbe ndiye mimi," akasema tena, na safari hii ndani yake kitu kilipanda, kiputo kimoja, kikafika juu, kikapasuka. Nadhani alikuwa anacheka. Kisha akaniomba nimmalizie humo, ndani ya sufuria, alale na mwenzake. Nikamwinamisha. Lile tone likajikusanya kwenye mdomo wa chupa, likasita kama linaaga, likadondoka. Ukoko ukalipokea kwa sauti ndogo ya kuungua ingawa sufuria ilikuwa imepoa, na hapo lilipodondokea pakaanza mstari mwembamba wa viputo, unapanda moja kwa moja hewani.

Leokadia akakwangua palepale, akatafuna, akanitazama.

"Umetia ndimu?" akauliza, na bila kusubiri jibu akaendelea kula.

Nikamwuliza Bibi kama ameridhika. Nilikuwa nimeshika chupa, nyeusi, tupu, ya kawaida. Chupa haziongei. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha muda mrefu. Nilikuwa na fulana yangu ya siku zote na mabega yangu hayakuwa yamechoka. Mama alikuwa ananiita kutoka uani, kwamba kama nimemaliza kulala kwa niaba ya familia nzima, nije nioshe vyombo vya jana.

Nikatoka. Sufuria ya ubwabwa ilikuwa karibu na bomba, mama ameijaza maji tangu jana ili kilichoshika chini kilainike. Maji yalikuwa safi, unaona mpaka chini. Nikachuchumaa kuliko kawaida yangu.

Chini kabisa, mahali pamoja tu ukokoni, vilikuwa vinatoka viputo, vidogo kama ncha ya sindano. Vilikuwa vinapanda kwa mstari, kimoja nyuma ya kingine, havisukumani.

Nikamwita mama aje aone. Akaja na fagio lake, akachungulia, akasema ni povu la sabuni hilo, mtu haogopi kazi mpaka akaanza kuikagua namna hiyo. Akarudi kufagia.

Sikumbishia. Sabuni iliisha juzi, aliyetumwa dukani ni mimi, na bado sijaenda.